Ndege wamepungua kwenye kilishio chako? Anza na nyasi kabla ya kulaumu nafaka

Masika yakishakolea, watu wanaowawekea ndege nafaka na maji nyumbani huanza kulalamika. Sahani iliyogombaniwa mwezi Februari sasa inakaa na mtama wake siku mbili tatu bila kuguswa. Mmoja anabadilisha duka la nafaka, mwingine anahamisha kilishio kila Jumapili, wa tatu anamsema paka wa jirani, na wapo wanaokata tamaa kabisa wakiamini ndege wameisha. Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Ndege wako wapo mtaa wa pili, kwenye kiwanja kisichojengwa, juu ya nyasi zilizokomaa mbegu, na wanakula vizuri kuliko unavyoweza kuwalisha wewe.

Idadi ya ndege kwenye sahani si idadi ya ndege waliopo mtaani. Inakwambia tu ni wangapi leo wameona heri kuja kwako kuliko kwenda kwingine. Kwa hiyo kabla hujagusa chochote, jiulize mambo matatu. Wametoweka ghafla au wamepungua polepole? Wamepungua wote, au ni aina moja tu? Na je, umeona hata mmoja aliye mgonjwa au aliyekufa? Kama jibu la swali la tatu ni ndiyo, ruka yote yaliyo katikati uende moja kwa moja sehemu ya mwisho, kwa sababu hapo kila siku unayochelewa ina gharama.

Naandika kutoka Arusha, na ndege ninaowafahamu zaidi ni wa bustani za nyanda za juu, kuanzia huku hadi Nairobi. Watu wa Dar, Tanga, Unguja na Mombasa wana tatizo lao kubwa linaloitwa kunguru, nalo lina nafasi yake hapa chini.

Kwanza, hakikisha hesabu yenyewe

Wengi husema "wamepungua" kwa kukumbuka siku moja nzuri. Hesabu ya kuaminika ni rahisi: chagua nusu saa ile ile, tuseme saa moja hadi saa moja na nusu asubuhi, na kwa kila aina andika idadi kubwa kabisa uliyoiona kwa wakati mmoja. Usijumlishe wanaokuja na kuondoka, maana ndege yule yule anaweza kurudi mara kumi ukamwandika kumi. Wanaowavisha ndege pete miguuni wameonyesha kinyume chake pia, kwamba pale unapoona watano, huenda wanaopita kwa siku nzima ni wengi zaidi ya hao. Ndiyo maana namba kubwa ya wakati mmoja inafaa: haidai kuwa sensa, lakini inalinganishika wiki kwa wiki.

Andika na hali ya hewa. Aliyelinganisha kilishio chake cha 2022, wakati ukame umekausha kila kitu, na cha mwishoni mwa 2023, wakati mvua za El Niño zinafurika Kenya na Tanzania, angeapa kwamba ndege wamekwisha. Alichokuwa anakipima ni mvua.

Sahani imejaa, lakini hakuna anayekula

Sogea uipulize sahani. Ndege wadogo wala mbegu, kama wale wa buluu wenye doa jekundu shavuni na wale wa kahawia wenye vichwa vyeusi na matumbo meupe, hawamezi mtama wala uwele mzima mzima. Huibana punje kwenye ukingo wa mdomo, huizungusha kwa ulimi, ganda linadondoka pale pale, kiini kinamezwa. Baada ya siku mbili sahani inaonekana imejaa, kumbe ni makapi matupu yamefunika punje chache zilizobaki chini. Ukipuliza makapi yakaruka, umepata jibu. Njiwa na tetere hawana tabia hiyo, wao humeza punje nzima, kwa hiyo penye njiwa wengi sahani husafishika yenyewe na penye wadogo watupu hujaa maganda.

Yakipulizwa yasiruke, gusa. Nafaka iliyolowa mvua huganda, huanza kuchipua, halafu huota ukungu wa kijani au mweusi. Mwaga yote, osha, anika. Na hapa nataka kusema jambo ambalo watu wema wengi hawalijui: mahindi au karanga zilizovunda, zile unazozichambua na kuzitenga kwa sababu hazifai kuliwa na watu, usiwape ndege. Kuvu anayeota humo hutengeneza sumukuvu, sumu ile ile iliyoua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004. Ini la ndege mwenye uzito wa gramu kumi haliwezi kuihimili. Kama chakula hukiamini kwa mtoto wako, usikiamini kwa ndege.

Wote wametoweka ghafla

Jana walikuwepo, leo kimya. Usihangaike na chakula. Tazama juu kwanza, kisha chini.

Juu ni kwa sababu ya kipanga. Bustani zenye miti mikubwa Arusha, Karen au Limuru zina vipanga wa aina kadhaa wanaoishi kwa kuwinda ndege wenzao, na mmojawapo hujitangaza mwenyewe: asubuhi na mapema huzunguka juu sana akitoa mlio mmoja mfupi, ananyamaza kidogo, anautoa tena, kwa muda mrefu. Akishashika mmoja kwenye kilishio, waliobaki wanaweza kujificha saa nzima au kususa siku mbili tatu. Kisha wanarudi. Kipanga akihamia jirani moja kwa moja, ondoa chakula kwa wiki moja au mbili. Windo likitawanyika, naye huenda kutafuta kwingine. Kumrushia mawe hakusaidii, na kumuua ni kosa la kisheria. Zaidi ya hayo, kuwepo kwake ni dalili kwamba mtaa wako bado una ndege wa kutosha kumlisha.

Chini ni kwa sababu ya paka, na ushahidi uko kwenye manyoya. Ukikuta rundo la manyoya, okota machache uyatazame shinani. Kipanga hunyonyoa unyoya mmoja mmoja, kwa hiyo mirija huwa mizima hadi ncha, pengine na alama ndogo ya kubanwa na mdomo. Paka hutafuna: mirija imekatika, manyoya yameshikana mafungu mafungu kwa mate. Akiwa ni paka, hamisha kilishio kiwe kama mita tatu kutoka kichaka cha karibu. Hapo ndege ana mahali pa kukimbilia, na paka hana mahali pa kuvizia. Kichaka kikigusana na sahani, umemjengea paka mtego wake.

Kama hakuna manyoya popote, fikiria kilichobadilika uani. Kamba mpya ya nguo inayopepea, mafundi juu ya paa la jirani, mbwa mpya, kilishio kipya cha plastiki inayong'aa. Ndege huhitaji siku kadhaa kuzoea kitu kigeni, na kila ukihamisha unaanzisha upya kuzoea kwao. Wanaohamisha kila wiki ndio wanaolalamika zaidi. Tulia.

Dirisha jipya la kioo pia huua kimyakimya. Ukikuta ndege mzima mwili, shingo imelegea, chini ya dirisha, aliona mti ndani ya kioo akaufuata. Sogeza kilishio karibu kabisa na dirisha, chini ya mita moja, ili anayeruka asipate mwendo wa kujiumiza, au bandika alama za karibu karibu upande wa nje wa kioo.

Wanapungua wiki baada ya wiki, na mvua zinanyesha

Hii ndiyo hali ya kawaida kuliko zote, na ina hatua ambazo ukizijua hutababaika tena.

Kiangazi chote, mbegu za nyasi hulala juu ya udongo na ndege huziokota. Zinapopungua, Januari na Februari, halafu tena Agosti hadi Oktoba, kilishio chako hujaa. Mvua za kwanza zikinyesha, mbegu zilizobaki ardhini huchipua karibu zote kwa pamoja ndani ya siku chache, na zikishachipua haziliki tena. Kwa hiyo mwanzo wa mvua, wakati mandhari imeanza kupendeza machoni petu, ni kipindi cha njaa kali kwa wala nafaka. Hapo kilishio hufurika kuliko wakati wowote, na mwenye nyumba hudhani amepata mafanikio ya kudumu. Hali hii hii ndiyo inayowafanya kwelea kwelea wahame mamia ya kilomita, kuruka juu ya ukanda wa mvua hadi mahali ambako nyasi tayari zimekomaa.

Kisha hupita wiki sita hadi nane. Nyasi zinatoa mbegu mpya, laini, zenye maziwa ndani, na wadudu wako kila jani. Ndege wanaanza kuzaa. Hata mnana, unayemdhani ni wa nafaka, hutumia muda mwingi kutafuta viwavi na panzi kwa sababu makinda yake yanahitaji protini ili yakue. Sahani yako ya mtama mkavu haina mashindano na hayo. Inakaa.

Cha kufanya hapa ni kidogo sana. Punguza nafaka hadi kijiko kimoja kwa siku ili isioze. Usiache maji: bakuli la kina cha sentimita mbili au tatu, lenye jiwe la kusimamia, litaendelea kupata wageni hata sahani ikisahaulika, kwa sababu wala wadudu na wala matunda nao wanakunywa na kuoga. Kama ningeambiwa niache kimoja, nafaka au maji, ningeacha nafaka bila kusita. Na acha pembe moja ya ua bila kufyeka. Nyasi zikifika kiunoni na kuinama kwa mbegu, utaona wale wadogo wakining'inia juu yake kichwa chini, jambo ambalo hakuna sahani itakayokuonyesha.

Kuna maelezo mengine yanayotolewa haraka, kwamba "wamehamia Ulaya". Wapo ndege wanaotoka Ulaya na Asia kuja kwetu kuanzia Septemba na Oktoba na kuondoka Machi na Aprili, lakini wengi wao ni wala wadudu, mbayuwayu na wenzake, na hawagusi kilishio. Wala nafaka wa bustanini ni wenyeji. Wanahama kufuata mvua, tena mara nyingi si mbali.

"Wale wekundu wamekwenda wapi?"

Kijana mmoja mtaani kwetu huwa ananisimamisha njiani: "Shikamoo mzee. Wale ndege wako wekundu wameshikwa nini?" Hawajashikwa. Wamevua nguo za harusi.

Madume ya wale wekundu na weusi wanaoonekana kwenye mashamba ya mpunga na matete, na yule mweusi na mweupe mwenye mdomo mwekundu na mkia unaozidi mwili wake kwa urefu, huwa na rangi hizo msimu wa kuzaana tu. Ukipita, hupukutisha manyoya na kuota mengine ya kahawia yenye michirizi, wakafanana na majike na hata na shomoro. Kwa hiyo kilishio kinapoteza wekundu watano na kupata kahawia watano wasiojulikana, na anayehesabu kwa rangi huandika hasara. Tazama mdomo: yule wa mkia mrefu hubakiwa na mdomo wenye wekundu na michirizi myeusi na myeupe kichwani hata akiwa hana mkia. Katikati ya mabadiliko utaona wenye mabaka, nusu wekundu nusu kahawia, watu wakadhani ni ugonjwa. Si ugonjwa.

Usitumie kanuni hii kwa wote. Mnana wa bustani za Nairobi na Arusha, yule wa kifua cha manjano, mgongo mweusi na jicho la manjano, hukaa na rangi zake mwaka mzima. Huyo akitoweka, ametoweka kweli, na inafaa kutafuta sababu.

Anakula mmoja, wengine wanafukuzwa

Yule dume wa mkia mrefu ana kesi nyingine. Msimu wa kuzaana huitawala sahani na kuwafukuza wote, hata njiwa anayemzidi mwili mara kadhaa. Anachotaka ni majike, na sahani ni mahali pazuri pa kuwasubiri. Ondoa sahani moja kubwa uweke tatu ndogo, kila moja upande wake wa nyumba, ili akiwa kwenye moja asiione nyingine. Atalinda moja, mbili zitabaki huru.

Njiwa wakizidi, tatizo ni chakula cha chini. Chenga za mahindi na mchele vikimwagwa ardhini huita njiwa wote wa kata. Ning'iniza kilishio, weka uwele na ulezi, na ukizungushie wavu wa waya wenye matundu ya kama sentimita nne. Wadogo hupita, wakubwa hubaki nje.

Kunguru ni jambo zito zaidi, na Pwani nadhani ndiyo sababu ya kwanza ya kilishio kuwa kitupu. Kunguru wa India, mweusi mwenye shingo ya kijivu, aliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ili asaidie kusafisha taka za mji. Akaenea Bara, kusini na kaskazini, akafuata miji na majalala. Hula mayai na makinda ya ndege wengine, huwazingira kwa makundi, na mahali alipojaa bustani hubaki na sauti yake peke yake. Juni 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya lilitangaza lengo la kuwaondoa kunguru milioni moja Pwani kufikia mwisho wa mwaka ule, na Tanzania nayo imeshaendesha kampeni dhidi yao Dar es Salaam. Si chuki dhidi ya ndege. Ni kwamba chozi, yule ndege mdogo mnyonya maua, na mnana wa Pwani hawakuwahi kuishi na adui wa namna hii.

Ukiwa nao, usiweke kitu kilichopikwa. Ugali, mkate, wali, mabaki ya samaki: hivyo ndivyo vinavyomwita, na akishazoea kuja hatatoka bila kupitia viota vya mtini kwako. Baki na ulezi na uwele ndani ya wavu. Funika pipa la taka, na mshawishi jirani afunike la kwake, kwa sababu jalala moja la wazi linatosha kulisha kundi zima. Usijaribu sumu mwenyewe. Ile inayotumika kwenye kampeni hutegwa na watu waliofunzwa na kuruhusiwa. Za dukani zitamuua mbwa, paka na kuku kabla ya kunguru.

Wamezidi ghafla

Ni mwanzo wa mvua, kama nilivyoeleza, au jirani aliyekuwa akiwalisha amehama. Au, ukiwa Dodoma, Singida, Manyara au karibu na mashamba ya mpunga, kwelea kwelea wamekufikia: wadogo wa kahawia, midomo myekundu, wanatua na kuinuka kama wingu moja. Mmoja hula kama gramu kumi za nafaka kwa siku, na hawaji wachache. Hapo ondoa nafaka yote siku hiyo hiyo. Jirani mwenye shamba la mtama hatakuelewa ukiwakaribisha, na atakuwa na haki.

Chakula kinaisha usiku

Ndege wa kilishio hulala jua likizama. Nafaka iliyoisha usiku na kuacha vinyesi kama punje nyeusi imeliwa na panya. Papai lililochimbwa hadi ganda likabaki limening'inia ni kazi ya popo. Kwa panya, toa sahani kila jioni. Usitege sumu, maana bundi atamla panya aliyeinywa. Kwa popo, sioni sababu ya kuwazuia, ila weka tunda jingine asubuhi kwa ajili ya kuzumburu na shore.

Maji ya sukari ya chozi yakiisha mapema, kagua sisimizi. Paka mafuta ya kupikia kwenye waya wa kuning'inizia, si kwenye chombo ambacho manyoya yatagusa. Kipimo ni sehemu moja ya sukari kwa nne za maji, yabadilishwe kila siku wakati wa joto. Asali isiwekwe, huotesha kuvu haraka, na rangi ya chakula haina faida yoyote kwao.

Kila mwaka ni wachache kuliko mwaka uliopita

Ukishaondoa mvua, mavazi ya msimu na kipanga, ukalinganisha Februari na Februari, na bado mstari unashuka miaka mitatu minne mfululizo, basi tatizo si sahani yako. Ni mtaa.

Tembea mita mia tatu kila upande uangalie. Ua wa michongoma umeng'olewa ukajengwa ukuta? Uwanja wa nyasi umetandikwa pevingi? Mnazi uliokuwa na viota ishirini umekatwa kwa sababu "unachafua"? Kileleshwa na Kilimani jijini Nairobi, nyumba zenye bustani za nusu eka zimegeuka maghorofa. Mikocheni na Masaki kule Dar nako hali ni ile ile. Ndege mla nafaka anaweza kula kwako, lakini anahitaji mahali pa kuficha kiota, majani marefu ya kukifumia, na wadudu wa kulisha makinda. Tumempa cha kwanza tukamnyima vitatu.

Dawa za wadudu zinachangia sana. Bustani inayopulizwa kila mwezi haina viwavi, na isiyo na viwavi haitoi makinda, hata sahani ijae namna gani. Ukulima wa karibu nao uangaliwe, hasa msimu wa viwavijeshi.

Unaweza kurudisha kiasi. Panda mti wa kienyeji wenye maua au matunda, hata mmoja. Acha michongoma ikue upande wa nyuma kama mbele lazima pawe na ukuta. Acha kupuliza. Na peleka hesabu zako mahali zitakapofanya kazi: Kenya Bird Map na Tanzania Bird Atlas hupokea kumbukumbu za watu wa kawaida, na Nature Kenya ina matembezi ya kutazama ndege Nairobi kila Jumatano asubuhi, ambako utasaidiwa kuwatambua wale wa kahawia wanaokushinda. Kumbukumbu za bustani moja ni kidogo. Za bustani nyingi, kwa miaka mingi, ndizo zinazoonyesha aina gani inapotea kabla haijapotea.

Amevimba manyoya, hakimbii, au amekufa

Hii ndiyo hali pekee ambayo wewe, kwa kuendelea kulisha, unaweza kuwa chanzo cha kupungua. Kilishio hukutanisha midomo ambayo porini isingekutana, na mgonjwa mmoja anaweza kuambukiza kundi.

Mgonjwa hujulikana kwa kukaa. Wenzake wanaruka ukikaribia, yeye amejikunja kama mpira, macho nusu yamefumba, mchana kweupe. Kisha tafuta dalili zake. Njiwa au tetere anayetafuna bila kumeza, anayedondosha nafaka, shingo imevimba na mdomo unatoa ute: kooni mwake kuna utando wa njano unaoziba njia, ugonjwa unaoenea kwa maji na chakula kilichotemwa. Vinundu kama sugu miguuni, pembeni mwa macho au shinani mwa mdomo ni ndui ya ndege, inayosambazwa na mbu na pia kwa kugusana. Mwaga maji yote yaliyotuama. Macho yaliyovimba na kutoa uchafu, au kinyesi kilichogandamana mkiani, ni maambukizi mengine yanayoenezwa na sahani chafu.

Shingo iliyopinda na kinyesi cha kijani kwa njiwa viwatie hofu wafuga kuku. Mdondo, ambao wengine huita kideri, hauchagui kati ya kuku na njiwa. Usiweke maji ya ndege wa porini mahali kuku wanapokunywa, usiache nafaka ya kilishio idondoke bandani, na hakikisha kuku wamepata chanjo yao kwa wakati.

Kuna sumu pia. Ukikuta wengi wamekufa siku moja, wakiwa wamenona na gole, ule mfuko wa chakula shingoni, limejaa, fikiria mbegu za kupandia. Mahindi na mtama wa mbegu kutoka duka la pembejeo hupakwa dawa na kutiwa rangi, ya waridi, nyekundu au kijani, ili watu wasizile. Zikibaki baada ya kupanda, kuna anayeona huruma akawamwagia ndege. Usifanye hivyo kamwe, na waambie wa nyumbani nao wasifanye.

Mizoga mingi kwa pamoja, iwe ya ndege wa bustani au wa majini, si ya kuokota. Januari 2017 ndege wa majini walikufa kwa wingi ufukoni mwa Ziwa Viktoria karibu na Entebbe, Uganda, na vipimo vikathibitisha mafua makali ya ndege, H5N8. Zuia watoto na mbwa, piga simu kwa afisa mifugo wa kata au wa kaunti, na usubiri. Mzoga mmoja wa kawaida uushike kwa mfuko wa plastiki uliouvaa mkononi, ufukie kina kirefu, unawe kwa sabuni.

Kisha funga kilishio. Ondoa nafaka na maji yote kwa wiki mbili, na zungumza na majirani wanaolisha, maana ukifunga wewe peke yako wagonjwa watahamia kwao. Fagia na kufukia makapi yaliyorundikana chini. Sugua vyombo kwa sabuni, halafu loweka dakika kumi kwenye jiki sehemu moja na maji sehemu tisa, suuza mpaka harufu iishe, anika juani hadi vikauke kabisa. Sahani ya mbao iliyopasuka itupe, nyufa zake hazisafishiki.

Unapofungua tena, weka mahali papya, mita kadhaa kutoka pale pa zamani. Anza na kiasi kinachoisha kabla ya saa sita mchana, kwenye chombo kinachoning'inia, ili wasile walipojisaidia. Maji yabadilishwe kila asubuhi, vyombo vioshwe kila wiki. Akitokea tena hata mmoja aliyevimba manyoya, funga siku hiyo hiyo na uhesabu wiki mbili upya.